Ndoo ya Nani Hii?

Matroni alijikwaa saa kumi na mbili na dakika tano asubuhi, katikati ya korido ya bweni, akapiga kelele ile ile aliyokuwa akiipiga kwa miaka kumi na tisa.

"Ndoo ya nani hii katikati ya njia?"

Kwa miaka kumi na tisa jibu lilikuwa moja. Mlango mmoja ungefunguka, msichana mmoja angetoka mbio na taulo begani, angeinyakua ndoo yake na kurudi kinyumenyume akisema samahani Matroni, sitarudia Matroni. Siku hiyo ilifunguka milango yote. Vichwa vikachomoza, vingine vina vitana, vingine vina povu la dawa ya meno, na wauguzi watarajiwa themanini na sita wakamjibu kwa sauti moja bila hata kuhesabiana:

"Katikati ya njia! Katikati ya njia! Kwani mimi nina macho miguuni?"

Wakapiga makofi manne. Pa, pa, pa-pa. Kisha wakanyamaza wote kwa mpigo, kama waliokatiwa umeme, na ule ukimya ulipokwisha wakaangua kicheko.

Matroni alisimama ameshika goti. Goti lilikuwa linauma, lakini si goti lililomshughulisha. Hayo ya macho miguuni yalikuwa maneno yake, tena yake kabisa, ila hapa bwenini hakuwahi kuyasema hata siku moja. Hapa alikuwa na lugha ya kazi. Maneno ya macho miguuni aliyasema nyumbani kwake tu, jikoni, akimwambia binti yake.

"Nani kawafundisha hayo?" aliuliza.

"Si wimbo huo, Matroni!" alisema msichana wa chumba cha nne, mpole kuliko wote, ambaye siku zote alikuwa wa kwanza kuzima taa. "Hujausikia? Wa Samahani Jirani."

"Samahani ya nini?"

"Ndiyo jina la bendi, Matroni."

Akamwekea simu sikioni. Kwanza lilisikika gita, kavu, linalia kama bawaba za mlango wa nyumba ambayo wenyewe wamehama. Ngoma zikaingia mbio kana kwamba zimechelewa zinakokwenda. Nyuma yake kulikuwa na kinanda kidogo cha kitoto ambacho betri zake zilikuwa zinakata roho, kila noti ikianza juu na kuteremka kama mtu anayesinzia kwenye kiti. Halafu ikaja sauti ya kike, haiimbi, inasema tu, kwa uchovu na ukali, ikivuta pumzi puani kabla ya kila sentensi. Matroni aliijua ile pumzi. Ilikuwa inatoka kwenye pua yake.

Jambo la kuudhi zaidi ni kwamba kiitikio kilikuwa kitamu. Kiliteleza kutoka katika vurugu ile kama sabuni mkononi, na alipofika ngazi za chini aligundua kwamba mguu wake mzima unakanyaga kwa kukifuata.

*

Nyumba yao ilikuwa na vyumba viwili, jiko, na kijikorido kilichounganisha vyote hivyo na mlango wa mbele. Nyuma ya jiko kulikuwa na stoo, na ndani ya stoo, katikati ya magunia ya mkaa na viti vilivyokatika miguu, ndimo Samahani Jirani walimozaliwa. Walikuwa watatu. Wa kwanza ni Nukta, binti wa pekee wa nyumba hiyo, aliyepewa jina hilo na baba yake kwa sababu tangu utotoni alikuwa akisema neno moja na mazungumzo yanakwisha. Wa pili ni Waya, kijana mrefu mwembamba mwenye gita la nyuzi tano. Uzi wa sita ulikatika zamani naye akakataa kununua mwingine, akasema huo ni msimamo. Wa tatu ni msichana muuzaji wa duka la dawa waliyemwita Dozi, aliyepiga ngoma mbili na sinia moja la bati kwa sura ile ile aliyokuwa nayo akihesabu vidonge.

Matroni hakubisha hodi. Aliusukuma mlango wa stoo kwa kiwiko.

"Mama!" alisema Nukta, uso umemng'aa. "Umeusikia?"

"Nimejisikia."

"Shikamoo, Mama," alisema Waya.

"Marahaba. Wewe ndiye unayelikwaruza hilo gita?"

"Ndiyo, Mama."

"Linaumwa nini?"

"Haliumwi, Mama. Tunalipiga hivyo makusudi."

"Makusudi," alirudia Matroni. Akamgeukia binti yake. "Na mimi je, mmenipiga makusudi?"

Nukta aliweka kinanda chini taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto. "Mama, usikasirike. Ngoja nikueleze. Watu wamechoka. Ukifungua redio, mtu anakufa kwa mapenzi. Ukihamisha stesheni, mwingine kashazikwa kwa mapenzi. Ya tatu, kafufuka, analia upya. Nani kafa, Mama? Watu hawajafa. Watu wana ndoo. Mtu anaamka asubuhi anajigonga kwenye kitu ambacho si chake, na hakuna aliyemwimbia hilo."

"Kwa hiyo umeniimba mimi."

"Nimeimba maisha."

"Maisha ya nani yana macho miguuni?"

"Hapo ndipo wanaporuka, Mama!" Waya alishindwa kujizuia. "Tukifika hapo ukumbi mzima hauko chini."

Juu ya kigoda kulikuwa na daftari la mistari, jalada lake limelowa chai. Matroni alilichukua kabla Nukta hajalifikia. Ndani yake kulikuwa na hasira zake za miaka mitatu, zimeandikwa kwa mwandiko mzuri na tarehe. *Jumanne, jikoni: Hilo bomba linalia hivyo, limefiwa na nani? Jumamosi, mlangoni: Viatu vimejaa hapa kama kuna mkutano, wajumbe wako wapi? Alhamisi: Taa inawaka mchana, jua limekukosea nini?* Kurasa na kurasa. Pembeni mwa baadhi ya maneno palikuwa na nyota. Mahali pamoja palikuwa na alama ya kukata na maelezo mafupi: *hili si kali sana, alikuwa amechoka.*

Alitoka na daftari mkononi hadi chumba cha mbele. Mume wake, fundi wa saa, alikuwa dirishani, lenzi jichoni, ameinamia saa ya mtu.

"Wewe ulijua?"

"Nilijua nini?"

"Kwamba mwanao ananiandika."

Fundi Saa alivuta pumzi. "Nilidhani unajua. Sauti ni yako."

"Na ulinyamaza?"

"Niliwaambia kitu kimoja tu. Niliwaambia wanakimbia. Wanaanza vizuri, wakifika kwenye ndoo wanakimbia." Akatoa lenzi, akamtazama mke wake kwa upole. "Wewe hukimbii. Wewe ukifika kwenye ndoo, unapunguza mwendo. Ndiyo maana inauma."

*

Kabla wiki mbili hazijaisha, wimbo ulikuwa kila mahali. Wafanyakazi wa karakana waliuimba kwa kugonga spana. Mtoto wa jirani, ambaye hata kusema "maji" alikuwa hajaweza vizuri, alisema "dojanani". Matroni aliingia duka la mikate, akamwomba mtu mbele yake asogee kidogo, na duka zima likamwitikia. Alitoka bila mkate.

Bwenini mambo yalikuwa mabaya zaidi, maana kule sauti yake ilikuwa ndiyo zana yake ya kazi. Hakuwa na fimbo, hakuwa na kengele, hakuwa na askari. Alikuwa na koo. Akisema zimeni taa, taa zilizimika. Sasa akisema zimeni taa, alipigiwa makofi manne, na taa zikabaki zinawaka huku wasichana wakisubiri kwa hamu atasema nini tena.

Mkuu wa chuo alimwita ofisini siku ya Jumatatu. Redio ndogo juu ya kabati la faili ilikuwa inasema.

"Nataka tuelewane," alikuwa anasema mchambuzi wa muziki, kijana mwenye sauti ya mtu aliyevaa skafu. "Ndoo hapa si ndoo."

"Ni nini?" aliuliza mtangazaji.

"Ni pengo. Jiulize, ndani ya ndoo mna nini? Hatuambiwi. Iko wapi? Katikati. Si mwanzo, si mwisho. Hiki ni kizazi chetu, bwana. Na lile gita lisilosuka sauti, lile gita linalokataa kupendeza, linatuambia..."

"Ilikuwa na maji ya kudekia," alisema Matroni.

Mkuu alizima redio. Alikuwa mwanamke mpole, na watu walimwogopa kwa sababu hiyo hiyo. "Keti, Matroni. Goti linaendeleaje?"

"Linaendelea."

"Wakaguzi wanakuja Ijumaa saa nne asubuhi. Zoezi la dharura. Wasichana wote wawe wametoka hadi uwanjani ndani ya dakika nne. Mwaka jana tulitumia tatu na nusu, na mkaguzi mkuu alikusifia. Aliandika kwamba hatuhitaji king'ora, tunaye Matroni."

"Nakumbuka."

"Juzi nilikuwa napita chini. Nilikusikia ukiwaambia wafunge madirisha."

Matroni alitazama mikono yake.

"Wakaimba," alisema Mkuu.

"Waliimba."

"Madirisha yalifungwa?"

"Mawili."

Mkuu aliweka faili sambamba na ukingo wa meza. "Bweni lisilotoka kwa wakati linafungwa, unajua hilo. Siwezi kuhatarisha wasichana themanini na sita. Wasipotoka Ijumaa nitaweka mtu mwingine koridoni. Wewe hutakosa pa kukaa. Stoo ya mashuka haina mtu."

Stoo ya mashuka ilikuwa chini ya ngazi, chumba kisicho na dirisha. Aliyekuwemo kabla alistaafu akiwa amezoea kuzungumza na foronya.

*

Jioni hiyo Matroni aliingia nyumbani na kusimama mlangoni. Viatu sita vilikuwa vimetapakaa. Nukta, aliyekuwa jikoni, alishika kalamu.

"Mwanangu mpendwa," alisema Matroni kwa sauti laini ya mtu anayesoma taarifa, "naona viatu. Nakushukuru kwa kuvivua."

Akaviruka, akaenda kubadili nguo.

Nukta alibaki na kalamu hewani. Bendi ilikuwa imeahidi wimbo wa pili, na watu walikuwa wanauliza. Tarehe ya kwenda studio ilikuwa Jumapili. Daftari, hazina yote, lilikuwa limefungiwa kabatini kwa Matroni na ufunguo umo shingoni mwake.

Jumanne Nukta aliacha bomba likidondoka. Matroni alilifunga na kusema, "Maji ni mazuri, eh?" Jumatano aliwasha taa zote saa saba mchana. Matroni alisema kwamba nyumba imependeza. Jumatano hiyo hiyo jioni Nukta, aliyekwisha kukata tamaa na kuishiwa aibu, aliijaza ndoo maji machafu na kuiweka kijikoridoni, katikati kabisa, akajificha nyuma ya pazia akiwa na Waya na Dozi.

Matroni alikuja na bakuli la chumvi. Akaiona. Pumzi ikaingia puani, ile pumzi yenyewe. Nyuma ya pazia Waya akamfinya Dozi. Kisha pumzi ikatoka polepole, bila neno. Matroni aliinua gauni kidogo, akapitisha mguu mzima, akapitisha ule mgonjwa, akaendelea na safari.

"Karibuni chai, wanangu," aliliambia pazia.

Walijaribu kuyatumia maneno yake mapya. Waya alipiga gita, Dozi akapiga sinia, na Nukta akasema kwa ukali wote aliokuwa nao: "Maji ni mazuri! Eh? Maji ni mazuri!" Walirudia mara nne. Dozi aliweka vijiti chini.

"Hili ni tangazo la sabuni," alisema.

"Tatizo haamini anachosema," alisema Waya.

"Tatizo," alisema Fundi Saa kutoka chumba cha mbele, "bado mnakimbia."

Ndoo ilibaki pale pale. Nukta hakuiondoa, maana kuiondoa kungekuwa kukubali kwamba alishindwa. Matroni hakuiondoa, maana haikuwa yake. Fundi Saa aliizunguka kwa mwendo wa mtu aliyezoea kufanya kazi na vitu vidogo.

*

Alhamisi baada ya chakula cha mchana, Fundi Saa alimwekea mke wake mezani saa ya kupimia mbio, ya chuma, ameisafisha hadi inang'aa.

"Huo wimbo," alisema, "una dakika mbili na sekunde arobaini. Nimeupima mara saba."

"Kwa nini mara saba?"

"Mara tatu za kwanza nilikuwa napima."

Matroni alimtazama. Fundi Saa aliyashusha macho yake.

"Mimi nasema tu," aliendelea. "Hao wasichana hawajakataa kukusikia. Wanakusikia kuliko zamani. Ila wanasubiri kiitikio."

"Unataka nikajichezeshe mbele ya wakaguzi?"

"Mimi sitaki. Mimi ni fundi wa saa."

Siku ya pili saa nne kamili wakaguzi watatu walisimama uwanjani, kalamu tayari, Mkuu pembeni yao amekunja mikono. Matroni alikuwa ghorofa ya pili, saa ya chuma mfukoni. Filimbi ikalia chini. Akajaza mapafu.

"Tokeni nje! Acheni vitu! Hakuna kurudi chumbani!"

Ilikuwa sauti yake ya kazi, nzima, ile iliyosifiwa mwaka jana. Milango ikafunguka. Nyuso themanini na sita zikamtazama kwa furaha, na makofi manne yakalia. Pa, pa, pa-pa. Ukimya. Wakasubiri.

"Nimesema nje! Huu ni moto!"

"Moto!" waliitikia kwa kubahatisha. Wakapiga makofi tena. Msichana wa chumba cha nne alikuwa amesimama kwa ncha za vidole, macho yanang'aa, tayari kwa neno lolote litakalofuata isipokuwa lile alilokuwa ameshaambiwa.

Sekunde thelathini zilikuwa zimekwisha. Matroni aliona stoo ya mashuka, akaona foronya. Aliona pia, kwa mara ya kwanza, kwamba kama moto ungekuwa wa kweli, watoto hawa wangeungua wakicheka.

Ndoo ilikuwepo. Ndoo daima ipo. Aliigeuza chini juu, maji yakasambaa koridoni, akaipachika kwapani na kuipiga kwa kiganja: pa, pa, pa-pa.

"Ndoo ya nani hii," alisema, akageuka, akaanza kushuka ngazi, na goti lake bovu hivyo hivyo.

"Katikati ya njia!"

Waliingia nyuma yake kama maji yaliyofunguliwa. Alisema mstari, wakaitikia. Alipiga ndoo, wakakanyaga ngazi. Hakukimbia. Kila alipofika kwenye neno lenyewe alipunguza mwendo, kwa sababu hivyo ndivyo linavyosemwa, na themanini na sita wakapunguza pamoja naye, hakuna aliyesukumana, hakuna aliyeanguka. Walitokea uwanjani wakitikisa mabega. Kwenye ule ukimya wa mwisho, wakati wote wamesimama kama sanamu mbele ya wakaguzi, Matroni akagundua kwamba na yeye amesimama hivyo, mkono mmoja juu, kiuno kimekwenda upande, jasho linamtiririka chini ya kola ya sare aliyoiheshimu kwa miaka kumi na tisa.

Mkaguzi mdogo alikuwa anamrekodi kwa simu.

"Dakika tatu na sekunde kumi na mbili," alisema mkaguzi mkuu, akavua miwani na kuifuta. "Mama, hii haijapata kutokea. Huu ni mfumo."

*

Mfumo uliandikiwa ripoti Jumamosi. Ripoti ilisema kwamba wasichana wa siku hizi hawaitikii amri, wanaitikia mdundo, na kwamba sauti iliyorekodiwa haiugui, haiendi likizo, wala haina goti. Ilipendekeza spika nne, mbili kila mwisho wa korido.

Jumamosi hiyo hiyo mjumbe wa chuo alimkuta Nukta nyumbani na karatasi ya ukurasa mmoja. Chuo kilikuwa kinaomba ruhusa ya kuutumia wimbo bwenini, asubuhi na jioni na wakati wa dharura. Nukta aliisoma mara mbili, machozi yakamlenga. Wimbo wao, pale kazini kwa mama yake! Aliona ni heshima wanayompa Matroni, kama kuweka picha ya mtu ukutani. Akatia sahihi, akamwomba mjumbe asimwambie mama, iwe ni zawadi. Waya alitia sahihi pia. Dozi peke yake aliuliza, "Sasa mwenyewe atakuwa anafanya nini?" lakini Dozi huuliza maswali kama hayo kwa mazoea, hata mtu akija kununua plasta.

Jumapili hawakwenda studio. Hawakuwa na maneno.

Jumatatu asubuhi Matroni alipanda ngazi na kukuta fundi wa umeme juu ya kiti, anakaza skrubu ya mwisho. Mkuu alikuwa anamsubiri na bahasha. Ndani yake kulikuwa na cheti cha pongezi, chenye ukingo wa dhahabu, na barua ya uhamisho kwenda stoo ya mashuka, isiyo na ukingo.

"Lakini walitoka," alisema Matroni. "Ulisema wakitoka."

"Walitoka vizuri mno," alisema Mkuu kwa upole wake. "Ndiyo shida, Matroni. Umetuonyesha kwamba hatukuhitaji mtu. Tulihitaji wimbo."

Spika ikakohoa. Pumzi ikavutwa puani, na sauti ya binti yake ikaijaza korido yote, kali, imechoka, inauliza ndoo ni ya nani. Chini ya sauti hiyo, katikati ya njia, palikuwa na ndoo. Wasichana waliitikia, wakapiga makofi, wakaizunguka kwenda kuoga. Hakuna aliyeiondoa. Matroni aliiangalia kwa muda. Kisha akaibeba mwenyewe hadi bafuni, akaimwaga, akaenda chini ya ngazi.

*

Nukta alipata habari mchana, dukani kwa Dozi, kutoka kwa msichana wa chumba cha nne aliyekuja kununua dawa ya kikohozi. Alisimuliwa yote kwa furaha: spika, cheti, mashuka.

Alikimbia hadi nyumbani bila kufunga kamba za viatu. Mama yake alikuwa amerudi mapema. Stoo ya mashuka hufungwa saa nane, maana mashuka hayana mahitaji. Alikuwa jikoni, amekaa, mikono juu ya meza, bado amevaa sare. Hakuwa tena amegoma kufoka. Mtu anayegoma huwa na kitu anachokishikilia, na uso huu haukushikilia chochote. Pembeni yake, dirishani, Fundi Saa alikuwa ameinamia saa asiyoitengeneza.

"Mama!" Nukta aliita tangu mlangoni. "Mama, sikujua! Wallahi sikujua, nilidhani ni..."

Hakumaliza. Mguu uliingia ndani ya ndoo, ndoo ikaondoka nao, na maji ya siku tano yakampanda hadi kifuani. Alianguka kwa kiwiko, kwa nyonga, kisha kwa kila kitu kingine.  Halafu pumzi ikavutwa puani.

"Ndoo ya nani hii jamani! Nyumba nzima watu wana macho mawili mawili, siku tano wanaipita kama mgeni rasmi! Mnasubiri nani aje? Mnasubiri nife ndiyo mseme, kumbe palikuwa na ndoo?"

Alikuwa analia kweli, kiwiko kimechubuka, na hakuigiza mtu yeyote.

Fundi Saa aliinua kichwa. "Hapo hukukimbia," alisema.

Matroni alivua ufunguo shingoni. Akafungua kabati, akalitoa daftari lenye jalada la chai, akalifungua ukurasa mweupe na kuandika tarehe kwa mwandiko wake wa kazini, mkubwa, wa kusomeka kutoka mbali. *Jumatatu, kijikoridoni.* Akachora nyota pembeni. Kisha akamtazama binti yake aliyekuwa bado chini, maji yanamchuruzika kidevuni, mguu ndani ya ndoo.

"Rudia," alisema. "Hapo kwenye 'jamani' sikupata vizuri."